Mshiriki Bandia

Ni mlio wa penseli zikimwagika kwenye vigae: mmoja mkavu kwanza, kisha mingine yote kwa pamoja, kama mvua ya mawe juu ya bati. Sisi tuliofanya kazi kwenye maabara ile hatujausahau.

Kuzimwaga ilikuwa kazi ya Maren Tollefson. Kila asubuhi ya jaribio aliketi kwenye korido ya chini, jengo la saikolojia, pamoja na mgeni mmoja aliyeamini kwamba Maren naye ni mgeni anayesubiri kuitwa. Baada ya kitambo Maren alisimama, kiwiko kikaligonga kopo la penseli kana kwamba kwa bahati mbaya, na penseli zikatapakaa. Kamera ndogo juu ya mlango, isiyonasa sauti, ilirekodi kama mgeni ataziokota au ataitazama simu yake. Jaribio lilikuwa hilo tu. Lile la kupanga rangi, ambalo wageni waliambiwa wamelijia, lilikuwa geresha.

Kwetu Wisconsin, mwanafunzi wa saikolojia akifika mwaka wa tatu hutafuta mahali pa kujifunza kazi. Wenzake Maren walienda kwenye nyumba za wazee, shule za watoto wagumu, vituo vya walevi. Yeye alimpata Dokta Pruitt, mkuu wa maabara yetu, na wengi walimwonea wivu, kwa sababu Dokta akikuandikia barua ya kukupendekeza, mlango wa shahada ya juu hufunguka. Maren aliitaka barua ile kuliko kitu chochote. Baba yake aliendesha lori la maziwa huko kaskazini, mama yake alipika kwenye mkahawa wa shule, na hakuna mtu wa ukoo wake aliyewahi kusomea kazi ya kusikiliza watu.

Alipofika mara ya kwanza alikuwa msichana asiyejua kuficha. Ukimuuliza habari za asubuhi, atakuambia mpaka alichoota. Dokta alimtazama akatabasamu. "Utanifaa," alisema. "Hakuna atakayekushuku." Kisha akampa kanuni moja, ile ile anayompa kila mwanafunzi: ukiona mtu ana shida ya kweli, acha kuigiza papo hapo.

Miezi ilipita, na uigizaji ukamwingia mifupani. Kudanganya hakukumtesa. Kilichomtesa ni kwamba, kwa kuwa yeye mwenyewe alikuwa bandia kila asubuhi, alianza kuona bandia kila mahali. Mzee akimuuliza njia ya kituo cha basi, Maren aligeuza macho kwanza kutafuta kamera. Mwenzake wa chumba alipolia kwa sababu ya mchumba, Maren alimpa kitambaa huku akijiuliza mbona machozi yamekuja haraka hivyo. Krismasi alirudi kwao, mama yake akakohoa mezani, naye akawaza: anataka nimuulize nini?

Teo Baeza, mwanafunzi mwenzake aliyewaita wageni zamu yao ikifika, ndiye aliyemwaga mafuta kwenye moto huo. Ilikuwa Ijumaa, siku ya samaki wa kukaanga, nao walikuwa wanakula.

"Dada, wewe unadhani Dokta anawapima wageni peke yao?" alimwambia. "Mwaka juzi kulikuwa na binti hapa, kazi kama yako. Akaja mzee mmoja, anashika kifua, anaugulia. Binti akaacha kuigiza, akapiga magoti, 'Babu, babu, una nini?' Kumbe babu ni shemeji yake Dokta. Barua hakuipata."

"Mwongo wewe."

"Haya, mimi mwongo. Kula samaki."

Maren hakula. Aliikumbuka ile kanuni moja, na kwa mara ya kwanza akaiona kama chambo.

Lorraine Schumacher alikuja asubuhi ya Februari, theluji ikianguka kwa fujo. Alikuwa mama wa makamo. Kiwanda cha karatasi alikofanya kazi tangu usichana kilikuwa kimefungwa, naye akaingia chuo kusoma na watoto wa umri wa watoto wake. Kama mwanafunzi yeyote wa somo la kwanza la saikolojia, alipaswa kuhudhuria jaribio ili apate alama. Aliketi, akajipangusa theluji kwenye koti, akamwangalia Maren.

"Na wewe umeletwa na alama, binti?"

"Ndiyo, mama."

"Wanatufanya panya hawa. Angalau panya hupewa jibini."

Maren alicheka kidogo, kama alivyofundishwa, na moyoni akaanza kuhesabu kasoro. Wageni wote waliotangulia walikuwa vijana. Huyu mbona mtu mzima? Mbona mchangamfu hivi?

Kabla hajafikia kopo la penseli, simu ya Lorraine iliita. Alisikiliza, akasema "Nakuja, mwambieni nakuja," akatoka mbio. Punde alirudi, theluji mabegani.

"Pikapu haiwaki, betri imekufa kwa baridi," alisema. Mikono ilimtetemeka. "Mama yangu yuko kwenye nyumba ya wazee ng'ambo ya mto. Kapata kiharusi. Ananiita jina, wanasema, lakini maneno yanampotea. Teksi wanasema nisubiri saa nzima. Una gari, binti?"

Funguo za gari zilikuwa mapajani kwa Maren.

Alizitazama, akamtazama Lorraine, kisha akainua macho kwenye kamera. Kila kitu kilikaa mahali pake kupita kiasi. Jaribio la watu wanaosaidia, na papo hapo mtu anahitaji msaada. Hata betri imekufa. Hata mama anaita jina. Nani aliyetunga haya? Aliwaza kwamba huyu mama anaigiza vizuri kuliko yeye, na akamwonea wivu. Aliwaza pia barua.

"Samahani," alisema. "Nasubiri zamu yangu."

Lorraine alisimama kidogo, kama mtu aliyesemeshwa lugha asiyoijua. "Nyaya za kubusti betri je? Huna hata nyaya?"

"Sina, mama. Pole."

Alitoka. Mlango ulijifunga wenyewe, polepole.

Teo alipokuja kumwita mgeni, alimkuta Maren peke yake, ametulia, karibu anatabasamu.

"Yuko wapi mtu wetu?"

"Mwambie Dokta nimefaulu," Maren alisema. "Yule mama mmemtoa wapi? Wa kikundi cha maigizo? Mikono ile, nusura nimwamini."

"Kikundi gani?"

"Teo, acha."

"Siachi kitu, dada. Kikundi gani?"

Maren alicheka. Teo hakucheka. Maren akaona uso wa Teo ukibadilika rangi, na hata hapo, alituambia baadaye, alijiuliza kama Teo naye yumo kwenye mchezo.

"Ile hadithi ya shemeji," Teo alisema, "nilikuwa nakutania. Dokta hana hata shemeji."

Maren alikimbia nje bila koti. Pikapu ilikuwa pale, boneti wazi, theluji ikijaa juu ya injini. Mwenyewe hakuwepo. Nyayo zilifika barabarani, na hapo zikafutwa na katapila la kusukuma theluji. Alizunguka mjini na gari lake hadi mchana, akavuka mto, akaulizia nyumba ya wazee ya kwanza, na ya pili. Hakujua hata jina la mama mgonjwa.

Dokta Pruitt alimsikiliza mpaka mwisho. Hakufoka, na hilo lilimwumiza Maren zaidi.

"Kanuni nilikupa moja," alisema.

"Nilidhani ni mtego, Dokta."

"Mimi nikutegee kwa nini?"

Lilikuwa swali ambalo mpita njia yeyote angeliuliza tangu mwanzo.

"Barua yako nitaiandika baadaye, au sitaiandika, tutaona," Dokta alisema. "Kwanza kuna mtu hajafunuliwa."

Kwetu ndivyo ilivyo: ukimdanganya mtu kwa ajili ya elimu, lazima umketishe umweleze udanganyifu wote, hata kama jaribio halikufika mwisho. Ndiko kufunua. Kwa kawaida Dokta alifunua mwenyewe. Mara hii alisema atakayefunua ni aliyeigiza.

Lorraine alikuja wiki iliyofuata, amevaa koti lile lile. Alipomwona Maren upande wa pili wa meza, alisita mlangoni.

"Wewe ulikuwa unasubiri zamu," alisema.

"Keti, mama, tafadhali."

Mbele ya Maren kulikuwa na maelezo ya kusoma, yale tunayowasomea wote, kwamba tunakushukuru, kwamba hukufanya kosa lolote. Alisoma mstari wa kwanza, akaisukuma karatasi pembeni. Akaeleza kwa maneno yake: penseli, kamera, kazi yake ya kuwa mgeni wa uongo.

"Kwa hiyo hukuwa na zamu yoyote."

"Sikuwa nayo."

"Na gari?"

"Gari ninalo. Nilidhani wewe ndiye wa uongo. Nilidhani wamekuleta unipime."

Lorraine alimwangalia kwa muda mrefu, kwa jicho lile lile ambalo Maren alikuwa amewatazamia watu majira yote ya baridi: kuanzia mikononi, kisha machoni, kisha kuzunguka chumba, juu ya mlango, kwenye pembe.

"Na sasa?" aliuliza. "Hapa nako wanatutazama?"

"Hakuna anayetazama."

"Utasema nini kingine." Alijikunyata ndani ya koti. "Nilichukuliwa na dereva wa katapila. Mwendo wa kobe, daraja lote. Nilipofika mama alikuwa amenyamaza. Yu hai, anakula akilishwa, anaushika mkono wangu. Lakini jina langu hakuliita tena. Waliokuwepo ndio waliolisikia mara ya mwisho, mimi sikuwepo."

Maren alilia. Lorraine aliyatazama machozi yale bila kusogea, kama mtu anayeangalia maji ya mto ajue yana kina gani.

"Sikuja kukulaumu," alisema hatimaye. "Nimekuja kwa sababu kuna jambo nataka kulijua, nalo sitaki uniambie kwa kunifariji. Ungejua kwamba mimi ni wa kweli, kwamba hakuna kamera wala barua wala nini, mtu tu na mama yake. Ungeinuka?"

Maren alijipangusa uso kwa kiganja. Jibu lilipokuja lilikuwa dogo sana, na Lorraine alilazimika kuinama mezani ili alisikie.

"Natamani kusema ndiyo."