Nyavu Safi Kando ya Ziwa

Kwa miezi tisa kazi yangu ya Jumamosi ilikuwa kupima majani makavu, na sikuona haya kuwaambia watu. Wao ndio walioona haya kwa niaba yangu. Mama yangu, ambaye hufagia uwanja wake wa Lemara kabla jua halijachomoza, aliniuliza mara mbili kama ni kweli chuo kikuu kinatoa shahada kwa ajili ya takataka. Nikamweleza kwamba majani yakidondoka kando ya ziwa huoza, yakarutubisha udongo na kulisha viumbe wa majini, kwa hiyo lazima mtu ajue yanadondoka kiasi gani. Akasema yanadondoka mengi, akaendelea kufagia.

Mimi ni mwalimu wa biolojia wa sekondari. Ukutani darasani kwangu nimeandika kwa herufi kubwa: KUULIZA SI UJINGA. Shahada yangu ya uzamili nilikuwa nimeikokota miaka mingi hadi chuo chenyewe kikachoka, kikaniandikia barua kwamba huu ndio mwaka wangu wa mwisho. Nisipowasilisha, nafutwa. Barua hiyo niliibandika kwenye mlango wa friji, ili kila nikitaka maziwa ya chai nikumbuke.

Ili kuyadaka majani hayo nilinunua vyandarua, nikampelekea fundi cherehani wa Levolosi, akavishona kwenye pete za waya vikawa mifuko iliyoachama kwa juu. Alifanya kazi nzuri, huku akitaka kujua ni watoto wa nani watakaolala humo wakiwa wamekaa. Nyavu zilitimia kumi na mbili. Nikazipeleka kwenye msitu unaozunguka ziwa dogo la kreta, upande wa Tengeru. Sita nilizitundika chini kabisa, kando ya maji, kwenye mikuyu ambako njia ya wageni inapita. Sita nilizitundika juu kwenye mteremko. Kila Jumamosi ya pili nilikwenda na mifuko ya khaki, nikatoa jani moja moja, nikayakausha kwenye oveni ya maabara na kuyapima.

Pale ziwani kulikuwa na mama wa Kimeru, mkazi wa Maji ya Chai, aliyeajiriwa kufagia njia za wageni. Alinizidi umri kwa miaka kama ishirini. Kila nilipofika nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba mwalimu, tukaulizana habari za nyumbani, za ng'ombe wake na za mvua. Kisha mimi nilikwenda kwenye nyavu zangu na yeye kwenye ufagio wake. Nilijiona mtu mwenye adabu sana.

Matokeo yalinishangaza tangu mwezi wa pili. Nyavu za mteremkoni zilijaa vizuri, lakini za kando ya maji zilikuwa na majani ya kuhesabika, wakati mwingine kiganja kimoja tu. Mtu mwingine angejiuliza kuna nini. Mimi nilitunga nadharia. Nikasema miti iliyo karibu na maji haioni kiu, na mti usio na kiu hauna sababu ya kudondosha majani yake. Kila mwezi takwimu zilinikubalia. Mwezi wa nane niliiwasilisha mbele ya walimu na wanafunzi wenzangu chuoni, na nikapigiwa makofi. Msimamizi wangu wa utafiti, mzee mkavu asiyesifu mtu, alisema jambo hili linafaa kuchapishwa. Nilirudi nyumbani nikamwambia mume wangu atafute mahali pa kutundika picha ya mahafali.

Mwezi wa tisa kulikuwa na kipaimara cha mtoto wa dada yangu siku ya Jumamosi. Kukosa kipaimara kwa sababu ya majani ni jambo ambalo ukoo wetu usingelisahau. Basi nikaomba ruhusa shuleni, nikaenda ziwani Ijumaa.

Nilimkuta yule mama amesimama juu ya ndoo iliyopinduliwa, mkono wake umezama hadi begani ndani ya wavu wangu wa tatu. Alikuwa anatoa majani. Nyavu mbili za kwanza zilikuwa zimeshakuwa nyeupe kabisa, na kwenye ule wa pili alikuwa ameng'oa hadi utando wa buibui.

Aligeuka akatabasamu. "Karibu, mwalimu. Leo umewahi, sijamaliza."

Nilikaa chini kwenye mzizi. Nilimuuliza, kwa sauti ambayo sikuijua, ameanza lini. Akasema tangu zamani, tangu aliponiona siku za mwanzo nikihangaika kutoa jani moja moja na nguo zangu nzuri. Akawaza, mgeni anakuja kesho, atakuta uchafu, na mimi niko hapa. Kwa hiyo kila Ijumaa alinisafishia. Aliniomba radhi kwa zile sita za juu: magoti yake hayawezi mteremko.

Hiyo ndiyo ilikuwa nadharia yangu. Magoti.

Majani yenyewe alikuwa ameyachoma pamoja na mengine ya njiani. Kwa hasira niliyokuwa nayo ningeweza kuupiga ule mkuyu teke. Lakini hasira ile haikuwa na pa kwenda, kwa maana alinitendea kile ambacho mama yangu angemtendea mgeni yeyote, na ambacho mimi mwenyewe nilifundishwa kwa fimbo. Nikamshukuru. Kweli kabisa, nilimshukuru, nikaondoka.

Wiki nzima nilifikiria kunyamaza. Nani angejua? Hakuna mtu angekwenda kutundika vyandarua pale tena baada yangu. Takwimu zilikuwa nzuri, makofi yalikuwa yameshapigwa, na barua ilikuwa kwenye friji. Kwenye kipaimara nilikula ndizi na nyama bila kusikia ladha. Jumatatu niliingia darasani, nikasoma ukuta wangu mwenyewe, nikashindwa kuwaambia wanafunzi wafungue vitabu.

Nilimwendea msimamizi nikamweleza yote. Nilitegemea aulize habari za takwimu.

"Huyo mama," akasema, "anajua wewe unafanya nini pale?"

Kwa miezi tisa nilikuwa nimemuuliza hali ya ng'ombe wake, lakini sikuwahi kumwambia nyavu zile ni za nini. Niliona hatanielewa. Aibu niliyoipata kwenye kiti kile bado ninayo.

Msimamizi alinipigania chuoni, nikapewa miezi sita ya nyongeza. Nikarudi ziwani, na safari hii nilikaa na yule mama kwenye mzizi nikamweleza kila kitu, mpaka oveni. Alinisikiliza huku akitikisa kichwa.

"Sasa mwalimu, si ungeniuliza?" akasema. "Huku chini kwenye maji ndiko kunakoniua mgongo. Kule juu anafagia mwenzangu, mara moja kwa wiki, na panakaa safi. Hapa nafagia kila siku, mwaka wa kumi na moja sasa, na bado hayaishi."

Tangu siku hiyo alizilinda nyavu zangu kwa ukali kiasi kwamba wageni waliogopa kuzisogelea. Miezi sita ilipokwisha nilipima, na nyavu za kando ya maji zilikuwa zimezizidi za juu kwa mbali. Msimamizi alinishauri niandike kwamba matokeo hayo hayakutarajiwa. Niliandika hivyo, nikaisoma ile sentensi mara mbili, nikaifuta. Kuna mtu aliyekuwa akiyajua kwa miaka kumi na moja, na kila Jumamosi nilimpa shikamoo nikampita.