Kitovu cha Mtoto wa Edna

Nilipokuwa na miaka tisa, kazi yangu pale nyumbani ilikuwa kukwangua mavi ya kuku bandani, na mpaka leo sijasahau kilichofanywa nayo. Ni miaka ile biashara ya nje ilipofunguliwa, mitumba ikaanza kumwagika huku kwetu ziwani, karibu na Liuli. Dada yangu Edna alikuwa amejifungua mtoto wake wa kwanza, kamfunika sweta la mtumba la kijani. Bibi alichanganya yale mavi na masizi, akampaka mtoto kitovuni ili kikauke upesi.

Kwetu, kabla kitovu hakijadondoka, mtoto hashikwi na mtu mwenye moto, yaani yeyote anayelala na mume au mke. Ule moto, walisema, ungemuua. Mbali na mama yake, walioruhusiwa ni Bibi na mimi tu.

Siku ya sita akaja Mama Haule, mhudumu wa afya aliyekuwa akiwatembelea wazazi wapya majumbani.

"Shikamoo, mama. Nimekuja kumwona mtoto."

"Marahaba," Bibi akaitikia. "Mwone, ila usimguse. Wewe una mume."

Hakubishana. Alikaa mlangoni, akaniambia, "Mwanangu, hebu mfunue wewe."

Nikamfunua. Harufu iliyotoka pale! Kitovu kilikuwa kimeoza, usaha umechanganyika na uchafu niliouleta kwa mikono yangu mwenyewe. Nilitapika palepale. Mama Haule akasema mtoto anachemka homa, apelekwe hospitali sasa hivi. Bibi alikubali kwa shingo upande: nimbebe mimi, yule mwanamke atangulie, na yeye angefuata polepole na Edna, aliyekuwa bado hana nguvu.

Tulipopita kilima cha kwanza mikono ilikufa ganzi. Mtoto akaacha kulia, akalegea. Mama Haule aligeuka, akanyoosha mikono. Nikampa. Alikimbia naye mpaka hospitalini, mimi nyuma yake nikilia.

Bibi alipofika, swali lake la kwanza halikuwa la mtoto.

"Hukumpa yule mwanamke?"

"Sikumpa, Bibi."

Mtoto alipona. Bibi akatangazia kijiji kizima kwamba mwiko ndio uliomwokoa, na wanawake wakanisifu kwa utii wangu. Nilizipokea zile sifa! Najichukia kila nikikumbuka nilivyotabasamu.

Mwaka uliofuata mke wa mjomba alijifungua. Mama Haule alipopiga hodi hakukaribishwa hata mlangoni, na kitovu kikapakwa vilevile. Yule mtoto tulimzika kabla hajapewa jina.

Ndugu zangu wakikutana siku hizi humcheka Bibi, eti ushamba ulimponza. Mimi siwezi kucheka. Bibi aliamini alichoambiwa, na aliyemwambia ni mimi.