Mkaa Usioruhusiwa Kupikia

Masizi alichoma mkaa tangu ndevu hazijamwota, na kwa mkaa huo huo aliandamwa kama mhalifu. Maofisa wa misitu walimvunjia tanuri, wakamnyang'anya shoka na kumwita adui wa mazingira mbele ya mkutano wa hadhara. Ulipokuja mradi wa kuondoa hewa ya ukaa angani, maofisa wale wale walibisha hodi kwake na jozi ya buti mpya. Adui alikuwa amepanda cheo, akawa fundi wa mradi. Kazi ilikuwa ile ile. Kilichobadilika ni mnunuzi.

Mnunuzi aliishi mbali, pamoja na viwanda vyake. Hakuutaka mkaa, alitaka kuhakikishiwa tu kwamba umefukiwa, ili ahesabiwe kuwa amefidia moshi wa viwanda hivyo. Mabua na magunzi ya mahindi yakiachwa yaoze, hewa ya ukaa hurudi angani. Yakichomwa ndani ya pipa lililozibwa, hugeuka mkaa unaoweza kukaa ardhini miaka na mikaka. Hoja hiyo ni ya kweli, wala siipingi. Tena mkaa huo ukichanganywa na samadi huweza kuinua shamba lililochoka. Lakini mashamba ni mengi na mkaguzi ni mmoja, kwa hiyo mradi uliona heri kuchimba shimo kubwa nyuma ya ofisi, ukalizungushia uzio. Mahindi ya wanakijiji yaliendelea kunyauka ng'ambo ya uzio huo.

Magunzi yenyewe mradi uliyaita taka. Hakuna aliyeuliza taka hizo zilikuwa zikifanya kazi gani. Zilikuwa zikipika. Mradi ulipoyazoa yote, wenye nguvu walikata miti ya mipakani wapate kuni, na wasio na nguvu wakachochea vijiti vibichi. Miongoni mwao alikuwa mama yake Masizi, mpishi wa shughuli zote za kijiji, ambaye sasa macho yake yalikuwa mekundu asubuhi na jioni. Alimwomba mwanawe debe moja tu la mkaa.

Masizi alikuwa bado kwenye majaribio. Angeajiriwa rasmi baada ya ukaguzi. Akamjibu kwa upole kwamba mkaa ule hauruhusiwi kupikia, ni mali ya hewa.

"Basi hiyo hewa ije inipikie," mama alisema, akarudi kwenye moshi wake.

Siku ya ukaguzi ilipowadia, Mwenyekiti wa mradi aliagiza mgeni aandaliwe chakula cha heshima, na mpishi awe mama huyo huyo. Mama alikubali, ila akauliza atapikia nini, vidole vyake? Mwenyekiti akamgeukia Masizi, akamwamuru abebe magunia matatu yaliyokuwa yakingoja kufukiwa.

"Lakini hayo yameshaandikwa kuwa yamefukiwa," Masizi alisema.

"Ndiyo maana hayana kazi nyingine. Kilichofukiwa kwenye karatasi hakiibiwi. Beba, bwana."

Mtu wa majaribio habishani na mkubwa wake. Akabeba.

Mkaguzi alikula, akaongezewa, akafungua kitufe cha suruali. Kisha akasema ni lazima amshukuru mpishi, akaingia jikoni kabla Mwenyekiti hajapata njia ya kumzuia. Alistaajabu kuona moto mkali usio na moshi, akauliza ni nishati gani hiyo.

"Ni ule mkaa wenu wa kufukia, mwanangu," mama alijibu. "Nimeufukia chini ya sufuria."

Mwenyekiti akakohoa, akamkazia macho Masizi. "Umetuaibisha, Masizi. Hivi unaiba mpaka hewa?"

Mkaguzi akamuuliza Masizi kama ni kweli. Kumtii Mwenyekiti kulikuwa ni kukaa kimya, na ukimya ule pengine ungemponya kwa onyo dogo tu. Masizi akamtazama mama yake. Kwa mara ya kwanza tangu mavuno, macho yake yalikuwa makavu.

"Nimeubeba mimi, kwa amri yake," alisema. "Na kosa langu ni kwamba niliisubiri hiyo amri."

Jioni hiyo alivuliwa buti. Mwenyekiti hakuvuliwa kitu. Katika taarifa yake, mkaguzi aliyaandika magunia yale kuwa yalipotea wakati wa kusafirishwa, na hakusema uongo kamili, maana ushahidi mwingine alikuwa ameshaumeza.

Mwenyekiti alimweka shemeji yake asimamie pipa. Shemeji alifungua kifuniko kila alipotaka kuona kama mkaa umeiva, hewa ikaingia, magunzi yote yakawa majivu. Kazi ikasimama, na magunzi yakarundikana uani hadi kwenye dirisha la ofisi.

Ndipo mama yake Masizi alipoingia getini na tenga kichwani, Masizi akimfuata na jingine, pekupeku. Mlinzi aliwauliza wameruhusiwa na nani.

"Si mlisema ni taka?" mama akamjibu, akainama kujaza. "Tumekuja kuwafagilia uwanja."