Kapu la Kiti cha Bibie

Mtaani hakuna aliyemwita kwa jina alilopewa na wazazi wake. Walimwita Kipimo, tangu alipokuwa na kichwa kizima cha nywele mpaka zilipobaki chache za kubahatisha. Alikuwa fundi wa kuchomelea, na utaratibu wake ulikuwa mmoja: apime, apime tena, aende akanywe maji, arudi apime. Mteja aliyeleta dirisha asubuhi akidhani atalichukua jioni aliambiwa arudi wiki ijayo, na wiki ijayo akaambiwa bado kidogo. Walimlaani kimoyomoyo, kisha wakarudi na kazi nyingine, maana geti la Kipimo halikuwahi kuning'inia. Kwa miaka arobaini na ushei heshima yote aliyokuwa nayo ilitoka hapo.

Mkewe alikuwa fundi wa cherehani, mwanamke wa maneno machache yenye pilipili. Alimwita mumewe "Fundi", nusu heshima nusu utani, naye mume alimwita "Bibie". Hawakujaliwa mtoto. Waliishi vyumba viwili nyuma ya karakana, na cherehani ilipolia chumbani na mashine ya kusaga chuma ikajibu uani, majirani walisema wazee wanazungumza. Mtu akiuliza Kipimo yuko wapi, Bibie alisema ameenda kupima maji kabla ya kuyanywa.

Uani kwao ilikuwapo karavani, ile nyumba ya magurudumu inayokokotwa na gari. Kipimo aliinunua ikiwa gofu, akaahidi kuitengeneza ili uzeeni watembee nayo, wafike kwa watu wao, walale watakapochoka. Aliitengeneza kweli, kitanda, kabati, mapazia aliyoshona Bibie mwenyewe. Lakini miaka tisa ilipita na karavani haijavuka geti, kwa sababu kila mara lilikuwapo jambo ambalo bado kidogo.

Kisha Bibie akaugua saratani ya mifupa. Siku ya Jumatatu daktari alimvuta Kipimo pembeni, kwenye korido yenye harufu ya dawa ya kusafishia sakafu, akamwambia bila kumung'unya maneno kwamba zilizobaki ni wiki, tena zinazohesabika. Kama kuna safari, waende wiki hiyo hiyo, angali anaweza kukaa. Kipimo alirudi kwa mkewe akiwa amejitengeneza uso. Bibie alimtazama mara moja tu, akajua.

"Nataka nimwone Dada," alisema.

Huyo Dada ndiye aliyemlea. Mama yao alikufa Bibie akiwa hajaota meno, na dada mtu, naye akiwa bado binti mdogo, alimbeba mgongoni, akamlisha, akamwimbia mpaka akalala, akachelewa hata kuolewa kwa ajili yake. Sasa alikuwa ajuza, mwendo wa siku mbili kwa gari, miguu haimpeleki mbali na mlango wake na masikio yameziba kabisa. Simu haikumfaa kitu. Kama ni kuagana, ilikuwa lazima wakutane uso kwa uso, na wa kusafiri alikuwa Bibie.

Kwenye basi asingeweza. Kwenye karavani angelala njia nzima. Tatizo likawa kiti chake cha magurudumu, cha aina ya zamani isiyokunjika. Mlango wa karavani hakikupita, buti ya gari hakikuingia, na kutoka barabarani hadi kwa Dada palikuwa na njia ya miguu ambayo Bibie asingeiweza. Kipimo akaamua kutengeneza kapu la chuma na kulifunga kwenye mkono wa karavani, ile pembetatu ya vyuma inayotoka mbele yake na kushikana na gari. Kiti kingekaa humo, kimefungwa kwa mikanda. Jumanne asubuhi jirani alimpigia simu mama anayemhudumia Dada, naye akamweleza ajuza kwa mikono na michoro: wanakuja, mgonjwa amelala ndani, kiti kiko mbele.

Kapu la kwanza lilikamilika siku hiyo hiyo, na kwa Kipimo huo ulikuwa muujiza. Lakini alipokata kona kujaribu, pembe ya kapu iligusa bampa ya gari. Akalikata lote. Jumatano akatengeneza fupi zaidi, likawa zito, likainamisha pua ya karavani hadi nyuma ya gari ikachuchumaa. Akalikata na hilo. Alhamisi akatumia bomba jembamba na wavu, akashikiza pembe kwa vidoa vidogo vya moto, kama mshonaji anavyoshikiza nguo kwa pini kabla ya kuishona. Likakaa sawasawa. Kona halikugusa, pua haikuinama.

Bibie alikuwa mlangoni kwenye kiti chake, shuka magotini. Alisema hiyo ya kushikiza ingewafikisha, waifunge na kamba waondoke. Kipimo karibu aone ametukanwa. Tangu ujana wake kazi yenye vidoa haikutoka uani kwake, na leo aiache itoke ikiwa imebeba kiti cha mkewe? Akampoza, akamwambia bado kidogo.

Ijumaa adhuhuri alizima mashine, akavua miwani. Kapu lilikuwa limechomelewa kote, lingeweza kubeba ng'ombe. Bibie alikuwa amevaa gauni la safari, na begi lilikuwa miguuni pake.

"Limekwisha?"

"Kuchomelea kumekwisha. Imebaki rangi. Leo napaka ya kuzuia kutu, kesho ya juu, Jumapili alfajiri tunaondoka."

Bibie alilitazama kapu.

"Chuma kisipopakwa rangi, Fundi, kutu inachukua muda gani kukila?"

Masikini, aliulizwa jambo la ufundi, akajibu kifundi. Akakuna kidevu, akasema inategemea unene, na mvua nazo, ila bomba jembamba kama lile likiachwa nje lingeanza kutoboka baada ya miaka mitatu hivi.

"Miaka mitatu," alisema Bibie. Akalisukuma begi pembeni kwa mguu. "Haya, Fundi. Paka rangi."

Hata mpita njia angelielewa swali lile. Kipimo, aliyeishi na mwanamke huyo miaka thelathini na minane, alisikia habari ya kutu peke yake. Akafungua kopo, akakoroga, akapaka kila kiungo kwa brashi ndogo, mpaka chini mahali ambapo jicho la mtu halifiki. Tusiseme hakumpenda. Ndivyo alivyojua kupenda, na hakuwa na njia nyingine.

Jumamosi asubuhi alikuwa amelala chali chini ya mkono wa karavani, akipaka rangi ya pili, jirani alipomwita. Sauti haikuwa kubwa. Alikimbia na brashi mkononi, rangi ikamdondokea njia nzima mpaka kitandani. Bibie alikuwa ameomba alazwe kidogo apumzike, na alipolazwa hakufumbua macho tena. Kipimo alimwambia limekwisha, amka Bibie, limekwisha, tunaondoka sasa hivi. Alisema hivyo mara nyingi, mpaka jirani akamfumbua vidole, akaichukua brashi.

Walimzika kesho yake, siku waliyopanga kuondoka.

Siku ya tatu baada ya mazishi, akiwa ameshika tama kwenye kiti cha cherehani, ndipo swali la Bibie lilipomfika. Alilia kwa sauti, mzee mzima, na waliokuwa barabarani wakasimama.

Alimpigia simu mama anayemhudumia Dada, akamwomba asiseme kitu. Habari ile ataipeleka mwenyewe. Na kwa kuwa ajuza miguu ilikuwa imemchoka, akaona ampelekee na kile kiti, kimsaidie. Akakifunga ndani ya kapu, akaondoka na karavani, kwa kuwa hakuwa na pengine pa kulala njiani. Siku mbili nzima kapu halikulia wala kutikisika. Kila kona aliyokata aliliangalia kwenye kioo, likawa limetulia tuli, naye akalichukia.

Alifika alasiri. Ajuza alikuwa mwisho wa njia, kwenye kigoda mlangoni, amevaa nguo safi. Inasemekana alivaa nguo safi kila siku tangu Jumanne ile. Aliliona gari, kisha akakiona kiti mbele ya karavani, akainuka akijishika ukutani. Kipimo alimkimbilia, lakini ajuza alimwegemea tu na kusonga mbele, akiharakisha kadiri ya miguu yake. Alipofika akakipapasa kiti, akapigapiga mahali pa kukalia, akacheka.

"Shemeji," alisema Kipimo, "Bibie ametutoka."

Ajuza hakusikia. Alikuwa anatazama dirisha la karavani, pazia limefungwa. Akaweka kiganja chini ya shavu, akafumba macho, akamfumbulia Kipimo kumuuliza: amelala?

Kipimo akainamisha kichwa. Hakuweza kufanya jingine, na ajuza akachukulia kwamba ndiyo.

Mama anayemhudumia alianza kulia pale pembeni. Ajuza akamkunjia uso, akaweka kidole midomoni, awanyamazishe wote wasimwamshe mtoto. Kisha akaketi taratibu kwenye ngazi ya mlango wa karavani, akakunja gauni lake vizuri magotini, akangoja.