Uso Wangu Kwenye Akaunti ya Baba Mkwe

Naona heri niwaeleze mwenyewe, kwa kuwa hapa Kinondo habari zimeshanitangulia.

Baba mkwe wangu, Mzee Bakari, hupokea posho ya wazee. Juzi tulitangaziwa kwamba akaunti zao sasa zitafunguliwa kwa njia mpya: badala ya neno la siri, simu itatambua uso wa mwenyewe. Asiyejisajili kabla ya mwezi kwisha ataondolewa kwenye orodha. Nikajitolea kumsajili, maana pale nyumbani mimi ndiye ninayejiita fundi wa simu.

"Baba, tazama ninavyofanya," nilimwambia. Nikaishika simu mbele ya uso wangu, nikatabasamu, nikapepesa macho kama ilivyoagiza. Ikaandika kwamba usajili umekamilika. Nikafurahi kuwa imekuwa kazi nyepesi.

Kesho yake simu ikamkataa. Nikamvua kofia, ikamkataa. Nikamlaumu kwa kunyoa ndevu, naye maskini akaniomba radhi.

Basi nikampeleka Msambweni kwa afisa anayeshughulikia wazee, na mbele ya foleni nzima nikalalamika kwamba mtambo wao unawadharau wazazi wetu. Afisa, dada mmoja mpole, akamwelekezea Mzee simu. Ikakataa.

"Hebu nione," nikasema, nikainama kuitazama.

Akaunti ikafunguka.

Afisa akaitazama simu, kisha akanitazama mimi.

"Shikamoo, Mzee Bakari," akaniamkia.

Baba mkwe, ambaye kwa heshima hatutaniani naye kamwe, ndiye aliyetangulia kucheka.