Mazuku Hayapimwi Saa Sita Mchana

Mwanangu, iko siku moja ambayo hunirudia kila nikikuona umeinamia hiyo simu yako, unaiuliza jambo, inakujibu, nawe unaitikia kwa kichwa kama mtu aliyesikia Injili. Usikunje uso. Mimi si mzee wa kuchukia mashine. Katika ukoo wetu wote hapa Karuba, nani aliyefungua redio ya kwanza kutazama sauti inatoka wapi? Ni mimi, na nikapigwa kwa sababu hiyo. Hii kompyuta mliyoniletea mwaka jana mlidhani nitaifunika kitambaa na kuweka sanamu ya Bikira Maria juu yake. Leo mnanipigia simu mimi kuniuliza jinsi ya kuiwasha ikikwama. Nazipenda mashine jinsi jirani zangu wanavyopenda ng'ombe.

Lakini juzi ulinionyesha picha ya kiwanja kwenye simu, kule chini karibu na Mubambiro. Majani mabichi, ardhi laini, hakuna mawe. Ukasema, "Koko, simu inaonyesha ni pazuri," ukiniita jinsi kwetu tunavyomwita kila babu na kila bibi. Nilinyamaza, nawe ukadhani nimesinzia. Sikusinzia. Nilikuwa nimerudi kwenye miaka ya hamsini, wakati Wabelgiji wangali wanatutawala, na dada yangu Mapendo alikuwa anakaribia kuolewa.

Baba yetu alikufa mapema. Aliyetulea ni bibi yetu, Koko Furaha, mwanamke mfupi mwenye sauti ya mtu mrefu. Alizaliwa kule chini upande wa Sake, akaolewa huku juu milimani. Mapendo alikuwa mkubwa wangu. Ndiye aliyelima ili mimi nisome, na kama nina akili yoyote, nusu yake ilitoka kwenye maharagwe yake. Mimi nilikuwa katika mwaka wa mwisho wa shule ya misheni, najiandaa kuwa mwalimu, na kichwa changu kilikuwa kimevimba kwa elimu. Akili ni nywele, kila mtu ana zake, lakini zangu wakati ule niliona zimewazidi watu wote wa Masisi.

Mchumba wa Mapendo aliitwa Safari. Yeye na baba yake, Papa Kibira, walitoka Walikale, kule msituni, wakaja kufanya kazi ya barabara. Papa Kibira alikuwa Mkristo mzuri ambaye hakuwa ameachana kabisa na mambo ya babu zake: akimaliza kusali alifunga majani fulani mlangoni, maana mtu mwangalifu hafungi mbuzi wake kwa kamba moja. Safari alikuwa amefanya kazi kwenye mashimo ya madini upande wa Mubi, kulekule Walikale, kabla ya kuja kwetu, na alikuja na taa. Mwanangu, taa ile! Ndogo, ya mafuta, ina kioo kinene na mshiko wa chuma. Nilimpenda shemeji yangu kwa ajili yake mwenyewe, lakini siwezi kukudanganya, taa ilisaidia.

Alinifundisha kazi yake. "Mu shimo hatutembeye bila hii," aliniambia. "Moto iko inakula hewa sawa muntu. Hewa ikiwa mubaya, moto njo inakufa wa kwanza. Ukiona inalala, weye kimbia, hapana uliza kitu."

Nilifurahi mpaka nikashindwa kula. Moto uliokuwa ukipika viazi vyetu kila siku, kumbe ungeweza pia kupima kitu kisichoonekana! Tangu hapo sikumwacha Safari apumzike.

Basi, Papa Kibira alipata kiwanja kando ya barabara, kati ya Sake na Mubambiro, akamjengea mwanawe nyumba ya udongo. Unaijua nchi ile: mawe meusi ya volkano kila mahali, hata jembe linalia. Yeye alipata kibonde chenye majani mabichi na ardhi laini. Walijenga mchana, jioni wakarudi kulala kambini kwa watu wa barabara. Hakuna aliyekuwa amelala ndani ya nyumba ile hata usiku mmoja. Harusi ilikuwa imeshatangazwa kanisani.

Koko Furaha aliposikia nyumba iko wapi, aliweka chini kikapu alichokishika.

"Mapendo hatalala pale," alisema. "Pale kunakaa mazuku."

Mazuku ni upepo mbaya wa kwetu, unaokaa katika mashimo ya mawe yale. Hauonekani. Unakuta mbuzi amelala kana kwamba amechoka, na ukishuka kumchukua, unalala naye. Koko alisema ni wafu wasiopenda kelele. Mimi niliyekuwa nimefundishwa kwamba habari za mizimu ni giza, niliona aibu kwa ajili yake.

Papa Kibira aliona zaidi ya aibu. Alipanda mpaka Karuba, akakataa kukaa kwenye kiti. "Mama, nyumba nimejenga na mikono yangu, sasa munasema iko kaburi? Kama hamutaki mutoto yangu, museme tu."

"Mutoto yako ninamupenda," Koko alijibu. "Kiwanja yako njo sipendi."

Akaondoka bila kunywa hata maji. Mapendo alinifuata nyuma ya nyumba, macho mekundu. Alimpenda Safari, mwanangu, alimpenda sana, na hakuwahi kuniomba kitu maishani. Siku ile aliniomba. "Weye njo musomi. Koko anakusikiaka. Umuambie aache."

Nikaona Mungu amenifungulia njia. Elimu yangu, taa ya Safari, na dada yangu ninayempenda: vyote vimekutana. Siku iliyofuata nilishuka mpaka kwenye kile kibonde. Mimi na Safari tukawasha taa saa sita mchana. Jua lilikuwa kali, upepo wa ziwa unavuma. Tulizunguka nyumba, tukaingia vyumba vyote. Moto ulisimama wima kama askari. Tulipiga kelele za furaha, Papa Kibira akanikumbatia na kuniita mwalimu, nami nikapanda mlima kurudi Karuba kama mtu aliyepewa ng'ombe.

Koko alikuwa anatoa maharagwe kwenye maganda.

"Koko, tulipima! Hakuna mazuku. Taa haikuzimika hata kidogo."

Hakuinua macho. "Mulipima saa gani?"

"Saa sita."

"Upepo ilikuwa?"

"Mingi, Koko."

"Na taa ulishika namna gani? Unionyeshe."

Nikasimama, nikanyoosha mkono mbele ya kifua. Koko akanitazama kuanzia miguuni hadi kichwani.

"Dada yako atakuwa analala wima?"

Nikashusha mkono. Ndipo aliponiambia jambo ambalo hakuwahi kutuambia, wala mimi sikuwahi kumwuliza. Alikuwa na kaka yake, mkubwa wake, mchunga mbuzi. "Alikuwa anapita pale kila siku mchana. Kila siku! Anakaa mu majani, anapiga filimbi, anarudia nyumbani. Siku moja mbuzi ilipotea, akashuka asubuhi, upepo ikiwa bado inalala. Mama alimuwekea chakula. Ikapoa, akaipasha. Ikapoa tena." Vidole vyake viliendelea na maharagwe. "Sikatai taa yako, mwana. Taa iko na akili. Lakini ulienda kubisha hodi saa mwenye nyumba ametoka."

Nikalia mbele yake, na siku zile nilijiona mwanaume kamili. Nililia kwa sababu niliona mkeka wa Mapendo chini, alfajiri, na mimi ndiye niliyeutandika kwa kipimo changu kizuri. Koko alinivuta kichwa akakiweka gotini pake, pamoja na maganda ya maharagwe. Hakunisema tena. Alichosema ni kwamba tutashuka wote, na taa tutaibeba.

Tukashuka, Koko na fimbo yake, Mapendo akimshika mkono, tukalala Sake kwa ndugu zake. Alfajiri tuliwakuta Safari na Papa Kibira kwenye ukingo wa kile kibonde. Papa Kibira alikuwa amenuna, lakini alikuja, na kwa hilo namheshimu mpaka leo. Hakukuwa na upepo. Hata jani moja halikutikisika. Nyumba ilikaa kule chini, hatua chache tu kutoka ukingoni, imetulia, nzuri, na majani ya Papa Kibira yamefungwa mlangoni.

Koko alilaza fimbo yake chini ukingoni. "Hakuna muntu anapita hapa." Safari akafunga taa kwa kamba kwenye ncha ya mwanzi mrefu, akaupeleka mpaka mbele ya mlango, akaanza kuishusha taratibu. Usawa wa paa, moto ulikuwa mzima. Usawa wa dirisha, mzima. Ilipofika usawa wa goti moto uliinama, ukawa mdogo, ukalala.

Safari aliivuta, akaiwasha, akaishusha tena. Ikalala palepale. Papa Kibira akamnyang'anya mwanzi, akaiwasha taa, akaishusha yeye mwenyewe kwa mikono yake, na moto ukazimika mbele ya mlango aliouchonga kwa mikono ile ile. Akakaa kwenye jiwe.

"Hii taa iko ya mutoto wangu," alisema. "Haina sababu ya kuniongopea." Kisha akamgeukia Koko. "Mama, unisamehe."

"Papa, mimi nilikuwa na maneno tu," Koko alimjibu. "Kama hamukutoka Walikale na hii taa, nani angenisikia? Hata mujukuu wangu hakunisikia." Akanikonyeza. Wazee husema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Sijawahi kuona msemo ukitimia waziwazi namna ile.

Mapendo alikuwa anautazama ule mlango. Safari akaja akasimama karibu naye, na ingawa haikuwa desturi mbele za wazee, alimshika mkono, na wazee wote wawili wakajifanya wanatazama mlima.

Nyumba ilijengwa upya juu ya ukingo, kwenye mawe na upepo. Tulibeba mawe mpaka migongo ikasema, Koko akituamuru kama kapita, yule msimamizi wa kazi za barabara. Harusi ikafanyika siku ileile iliyotangazwa, ukuta mmoja bado mbichi. Mtoto wao wa kwanza ndiye aliyemzaa mama yako. Sasa unajua kwa nini nilinyamaza juu ya ile picha.

Na Koko? Aliipenda taa kuliko mimi! Safari alipomwachia, aliishusha kila mahali: ndani ya ghala, ndani ya shimo la kuivishia ndizi, hata ndani ya mtungi wa kasiksi kuona kama pombe ile ina mazuku. Miaka ikapita, nikiwa mwalimu, nikasoma kwenye kitabu kwamba mazuku ni hewa nzito inayotoka chini kwenye volkano, inayojaa mashimoni upepo ukilala, na jua na upepo vikiamka inatawanyika. Nilikimbia kumwambia. Akanisikiliza mpaka mwisho. "Ni vizuri," alisema. "Sasa na weye umepata jina yake. Njoo ukule."

Kwa hiyo sikiliza, mwanangu, mimi mpenda mashine nikuambie maoni yangu. Nilipoiona kompyuta mara ya kwanza nilicheka peke yangu. Niliona taa ya Safari imepata vitufe. Kompyuta, taa, simu: vyote hujibu kile ulichouliza, saa uliyouliza, mahali ulipoishika. Taa yetu haikusema uongo saa sita mchana. Ilisema kweli tupu, na kweli ile ingemzika dada yangu. Wazee walisema kuuliza si ujinga. Ni kweli, ila kuna kuuliza kijinga, na mimi nilikuwa bingwa wake.

Sayansi itakufundisha kupima. Ipende, usiione haya, na atakayekuambia ni mambo ya Wazungu mwambie ni mambo ya moto wa jikoni kwake. Lakini nani atakuambia upime lini, na upime kwa kuinama kiasi gani? Hiyo ndiyo kazi ya historia. Usidhani historia ni majina ya wafalme tuliyokaririshwa shuleni. Historia ni mwanamke anayekumbuka chakula kilichopoa. Huenda sababu anazozitoa si sahihi, kama za Koko hazikuwa sahihi. Mchambue baadaye. Kwanza mwulize aliona nini, na ilikuwa saa gani.

Kabla ya kutoa hata faranga moja kwa kiwanja kile, shuka alfajiri, upepo ukiwa haujaamka. Usipite ukingo. Mtafute mama yeyote mzee anayeuza makaa kando ya barabara, msalimie vizuri, ukae, umsikilize mpaka amalize. Na taa ile ninayo hapa, chini ya meza ya kompyuta. Nimeijaza mafuta leo asubuhi. Njoo uichukue, ni ya babu yako Safari, kwa hiyo ni yako.

Mungu wa Koko Furaha akutangulie kila unaposhuka, akupe macho ya kupima na masikio ya kusikiliza. Akupe nyumba juu ya mawe, yenye upepo, yenye kelele za watoto. Na kila alfajiri, kabla hujanyanyuka mkekani, uuone moto wako ungali unawaka.