Nyayo za Verl Kwenye Udongo Mweusi

Kwa miaka ishirini na sita Verl Haycock alikuwa kiongozi wa wageni katika makorongo ya jangwa la Escalante, na kila majira ya kuchipua Bi Ardith, mjane wa kutoka mji wa Salt Lake, alikuja kupiga kambi naye siku nne. Mwaka huu Ardith alipiga simu akaomba aongozwe na Tamsin.

Tamsin, kiongozi kijana, alikuwa na misimu miwili tu kazini. Verl alisema hakuna neno, akajitolea kubeba vyakula. Lakini alimwonea Tamsin wivu. Alimtazama binti yule akikunja kamba, akaona anaikunja vizuri, ikamuuma zaidi.

Siku ya pili ya safari Tamsin aliwaonya Ardith na wageni wenzake watembee juu ya mwamba au kwenye mchanga wa mkondo mkavu tu. Wasikanyage udongo mweusi wenye vinundu, kwa sababu uko hai, umeshikamanishwa na vijimea vidogo, na unyayo mmoja hauponi kwa miaka mingi. Maneno hayo alifundishwa na Verl mwenyewe.

"Unaeleza vizuri, mwanangu," Ardith alisema. "Huyu mzee alikuwa anatufokea tu."

Wageni wakacheka. Verl naye akacheka, meno tu.

Alasiri Tamsin aliwazungusha kwa njia ndefu ya mwambani kuelekea shimo la maji. Verl alidai anatangulia kuangalia kama maji yapo. Ukweli ni kwamba alitaka Ardith amkute ameketi pale, akumbuke nani anaijua nchi hii. Akakata moja kwa moja katikati ya uwanda. Alikuwa amefika nusu aliposikia udongo ule mweusi ukivunjika chini ya buti kama ukoko wa ugali. Alisimama kidogo, kisha akaendelea.

Wageni walipotokea juu ya mwamba waliona mstari wa nyayo, na mwisho wake Verl, ameketi kando ya shimo la maji.

"Mimi ndiye niliyemwomba apite hapo," Tamsin alisema haraka. "Tulihitaji maji."

Huruma hiyo ilimchoma Verl kuliko kicheko.

"Hakuniomba," alimwambia Ardith. "Nilitaka kumtangulia. Nilitaka mwaka ujao uje na mimi."

Ardith aliteremka polepole hadi shimoni, akakaa kando yake.

"Verl, baba, miaka yote umenifokea juu ya udongo huu, leo unaulima?"

"Nimekosa."

"Mwaka ujao nitakuja na Tamsin. Ananisubiri nikichoka, wewe hujawahi kunisubiri. Ukitaka kubeba vyakula, beba."

Verl alichukua chupa yake akainama majini kuijaza. Alipoinua kichwa alimwona Tamsin ameteremka na kupiga magoti akimfunga Ardith kamba za viatu, mafundo mawili, la pili likiwa limelegea kidogo kama Ardith apendavyo, jambo ambalo Verl alidhani analijua peke yake.